Usianze na amri, anza na kusoma

Mwambie mtu kwamba diski yake iliyokufa bado inaweza kuongea kupitia waya tatu, naye atakuuliza papo hapo: niandike amri gani mafaili yangu yarudi? Mimi tabia hiyo naiona imetokana na diski moja tu, Barracuda 7200.11 ya Seagate.

Mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2009 diski hizo zilikuwa zikizimika kwa wingi. Jana inafanya kazi, leo ukiwasha kompyuta, BIOS (programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa) haiioni kabisa. Injini inazunguka vizuri, hakuna kugonga, hakuna harufu ya kuungua. Kasoro ilikuwa kwenye fimwea, yaani programu inayoiendesha diski yenyewe: kumbukumbu ya matukio ikifika nafasi fulani wakati wa kuwashwa, diski inakwama katikati ya kujiandaa, na kuanzia hapo inajibu kila kitu kwamba ina shughuli. Nyingine zilionekana, ila ukubwa wake ukasomeka sifuri.

Hapo ndipo terminali ya siriali, yaani njia ya kuongea na diski kwa maandishi kupitia zile waya tatu, ilipopata sifa. Pembeni mwa soketi ya SATA, ile ya waya wa data wa kawaida, kuna pini nne ndogo. Unaunga ya kutuma, ya kupokea na ya ardhi kwenye adapta ya USB inayotumia volti 3.3, unaweka kasi ya 38400, unabonyeza Ctrl+Z, na diski inakujibu F3 T>, alama kwamba iko tayari kupokea amri. (Watu walikata hata nyaya za data za simu za Nokia kupata adapta hiyo. Mlango wa zamani wa RS-232 wa kompyuta usiuguse moja kwa moja, volti zake zinaua bodi.) Diski iliyokwama ilibidi idanganywe kwanza: kipande cha karatasi ngumu kati ya bodi na miguso ya injini au ya vichwa vinavyosoma data kwenye sahani, kisha amri chache, na ya mwisho ilikuwa m0,2,2 na ndugu zake, inayojenga upya ramani inayoiambia diski kila sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia data) iko wapi.

Ilifanya kazi, na ilifanya kazi vizuri mno! Diski zile zilikuwa nzima. Vichwa vizima, sahani nzima, kilichokwama ni programu. Watu wakachukua amri zilezile wakazipeleka kwenye diski zenye sekta mbovu, zilizoanguka, hata za modeli nyingine kabisa. Ukijenga upya ramani wakati orodha ya kasoro (ya sekta mbovu za kurukwa) imefutwa au haisomeki, ramani mpya inaweza isilingane na ile iliyotumika kuandika data. Sekta zinasogea. Diski "imepona", inaonekana na ukubwa wake kamili, na ndani mafaili ni vurugu.

Kwangu mimi, faida kubwa ya terminali ni yale maandishi inayotoa yenyewe baada ya kupewa umeme, kabla hujagusa kibodi. LED:000000CC ikijirudia kwenye 7200.11, umeshajua ni kule kukwama kwa fimwea. Malalamiko ya kushindwa kusoma eneo la mfumo, sehemu ya sahani inayotunza fimwea, yanakuelekeza kwenye vichwa au sahani, na huko hakuna amri ya kukusaidia. Kimya kitupu? Kwanza unganisha Tx na Rx (pini za kutuma na kupokea) za adapta uone kama unachoandika kinarudi, maana mara nyingi mbovu ni adapta. Na diski inayogonga usiiwashe hata kwa ajili ya kuisikiliza.

Western Digital ni habari nyingine, kazi nyingi za ndani hufanywa kupitia SATA yenyewe. Seagate nao, kwenye diski mpya kama ST1000LM035, wameufunga mlango wa uchunguzi, yaani hiyo terminali. Kufunga amri za kuandika nawaelewa, nimeona zinavyotumiwa. Kufunga hata zile za kusoma tu ni kumfanya mwenye diski amlipe mwenye mtambo wa bei kubwa ili aambiwe ugonjwa tu, na hilo silikubali.

Kwa mwenye 7200.11 ambayo bado iko kabatini: washa uhifadhi wa maandishi ya terminali kwenye faili kabla ya kuandika chochote. Ikirudi, isiende Windows. Inakiliwe yote kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye matatizo, kwenye diski nyingine, na fimwea mpya isubiri hadi nakala iwe imekamilika.