Mchaga na Msukuma: Nani Ana Mali?

Mwaka juzi nilimsindikiza rafiki yangu mwenye bucha hadi mnada wa Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam, kule ng'ombe wa Kanda ya Ziwa na Kanda ya Kati wanakoishia safari. Palikuwa na mzee wa Kisukuma kutoka Maswa: shuka begani, katambuga miguuni, fimbo kwapani. Alishusha madume kumi na moja, na saa sita mchana alikuwa hana hata moja. Hesabu aliipiga kimoyomoyo, noti akazifunga kwenye kitambaa, kitambaa akakiingiza ndani ya shati. Fedha aliyoondoka nayo ilizidi mshahara wa mwaka mzima wa mwalimu wa shule ya msingi. Tukiwa njiani kurudi, rafiki yangu, ambaye ni Mchaga wa Kibosho, akasema kwa masikitiko ya kweli: "Hawa wenzetu wana mali, lakini maskini."

Kauli hiyo nimeisikia maisha yangu yote kwa sura mbalimbali. Upande mmoja husema Mchaga anajua kutafuta na kusomesha, Msukuma anajua kuongeza ng'ombe tu. Upande wa pili hujibu kwamba Wachaga walibebwa: na wamisionari, na mkoloni, na hali ya hewa ya mlima, na sasa wanajiita wajanja. Pande zote mbili zimeshika kipande cha ukweli, na zote mbili zimeacha jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: ni mali ipi ambayo serikali, shule na benki za nchi hii zimejengwa kuitambua.

Tuanze na takwimu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Hakuna anayeweza kukupa kipato cha Wachaga au cha Wasukuma. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Tangu hapo, anayelinganisha makabila analinganisha mikoa, na mikoa si makabila. Kilimanjaro kuna Wapare wa Same na Mwanga. Mwanza kuna Wakerewe, kuna Wazinza wa Sengerema. Na Wachaga wengi mno wako Dar es Salaam na Arusha, ambako fedha zao zinahesabiwa za huko. Tukikubali kasoro hiyo, picha inabaki kuwa ile inayojulikana. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Kilimanjaro ilikuwa chini sana ya wastani huo, na Simiyu, Geita, Mwanza na Shinyanga zilikuwa juu yake. Lakini angalia kinachopimwa: matumizi. Kaya imekula nini, imevaa nini, imelipia nini. Zizi la ng'ombe themanini ambao mwenyewe hauzi, kwenye matumizi ya mwezi linaonekana kidogo sana.

Sasa, tofauti imetoka wapi? Jibu la haraka huwa ni wamisionari. Hilo halitoshi. Mapadri wa White Fathers walikuwa Bukumbi, karibu na Mwanza, tangu 1883, kabla Wakatoliki hawajafungua misheni Kilema, Kilimanjaro, na kabla wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, hawajaingia mlimani mwaka 1893. Kama ingekuwa suala la nani alifikiwa kwanza, Usukuma ungekuwa mbele.

Mimi naona tuanzie kwenye mazao. Kihamba cha Mchaga ni shamba dogo, lakini ndani yake kuna kahawa chini ya migomba, viazi vikuu, miti ya kivuli, na ng'ombe mmoja au wawili wa kukatiwa majani bandani. Maji yalikuja kwa mifongo, yaani mifereji, iliyochimbwa na mababu kutoka juu mlimani. Chakula na fedha vimeota mahali pamoja, na samadi ya ng'ombe yule inarudi kwenye mgomba uleule. Mkahawa ukishapandwa, unakaa miaka na miaka. Baba anamwachia mtoto mti unaozaa.

Pamba ni kitu kingine kabisa. Kila msimu ni kuanza upya: kulima, kupanda, palizi mara mbili tatu, kupulizia dawa, kuchuma. Msimu ukiisha, miti yote inapaswa kung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke mwaka. Na palizi ya pamba inagongana na palizi ya mahindi na kazi ya majaruba ya mpunga, kwa hiyo mkulima wa Bariadi au Kwimba anachagua kila mwaka kati ya tumbo na mfuko. Mvua nayo haina uhakika. Inaweza kunyesha vizuri Desemba ikakata Januari. Mtu aliye katika hali hiyo akipata faida anaiweka wapi? Haiweki ardhini, kwa sababu ardhi yake haimbakizii kitu cha kudumu. Anaiweka kwenye kitu chenye miguu, ambacho ukame ukija kinaweza kutembea kufuata majani.

Hapo ndipo hoja ya "wanapenda ng'ombe tu" inapoyumba. Yule mzee wa Pugu nilimuuliza kwa nini asiweke benki. Akanitazama kwa upole, akaniambia, "Mwanangu, mtamba wangu akizaa ninapata ndama na maziwa. Hao wa benki watanipa nini?" Na kwa hesabu yuko sahihi. Katika mwaka mzuri kundi linaongezeka kwa kasi ambayo riba ya akaunti ya kawaida ya akiba haiwezi kuifikia.

Lakini nisimbebe mzee kupita kiasi. Mwaka mbaya ukija, akiba hiyo inakufa ikiwa imesimama. Wafugaji wa Shinyanga na Simiyu wanaujua ukame unaogeuza dume la milioni moja kuwa ngozi ya bei ya chai. Shule haifi kwa ukame. Na hapa upande unaosema utamaduni una mchango lazima usikilizwe bila kuuzomea. Shinyanga imetajwa mara kwa mara miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ndoa za utotoni, na mahari ya ng'ombe imo katika hesabu hiyo. Binti akiolewa, zizi la baba linajaa. Binti akienda kidato cha kwanza, zizi linapungua. Mtoto wa kiume anayechunga kundi kubwa ni nguvu kazi ambayo baba akimpeleka bweni inabidi amlipe mtu mwingine. Haya ni maamuzi ya watu wazima, si hali ya hewa, na walioyalipia ni watoto.

Wachaga nao walifanya maamuzi, na ni haki wasifiwe kwa hilo. Wazungu wenye mashamba walipinga waziwazi wenyeji kulima kahawa. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, ambacho mwaka 1933 kilizaa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Fedha za kahawa zilichangia kujenga shule na kusomesha vijana. Baada ya uhuru, serikali ilipoweka mgao wa nafasi za sekondari ili mikoa iliyobaki nyuma nayo ipate, wazazi wa Kilimanjaro hawakukaa kulalamika. Walichanga, parokia na sharika zikatoa viwanja, na kufikia miaka ya 1980 mkoa huo ulikuwa unaongoza nchi kwa shule za sekondari zisizo za serikali. Kuna kina mama waliouza ndizi Marangu Mtoni na Kibosho gulio kwa gulio hadi mtoto akamaliza chuo. Huo haukuwa upendeleo wa mtu yeyote.

Ila hata Wasukuma walijenga chao, na hili husahaulika haraka mno. Paul Bomani na wenzake waliwaunganisha wakulima wa pamba miaka ya mwanzo ya 1950, dhidi ya wanunuzi waliokuwa wakiwapunja kwenye mizani. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa shirikisho la Victoria, lililokuja kutajwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, lenye vinu vyake lenyewe vya kuchambulia pamba. Watu walioweza hayo si watu wasiojua kutafuta. Kisha mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, mamlaka za mazao zikachukua nafasi yao, na mkulima akawa wa mwisho kulipwa. KNCU nayo ilivunjwa. Kipigo kilikuwa kimoja, lakini mlimani tayari kulikuwa na kizazi kilichosoma, chenye mishahara mijini ya kutuma nyumbani. Usukumani pamba ilipolegea, lililobaki lilikuwa zizi.

Na kuna jambo jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko misheni na kahawa kwa pamoja: Operesheni Vijiji. Kati ya 1974 na 1976 watu wa Usukuma, waliokuwa wakiishi kila mtu na kaya yake katikati ya shamba lake, walihamishwa wakapangwa kwenye mistari. Kaya zilizozungushiwa minyaa zikaachwa, nyingine zikabomolewa. Ngitili, yale maeneo ya malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, yakakosa mwenyewe wa kuyalinda, na mifugo ikabanwa kuzunguka vijiji vipya hadi nchi ikabaki tupu. Ilibidi mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) uanzishwe Shinyanga mwaka 1986 ili kuanza kurudisha miti na ngitili. Kilimanjaro, operesheni ilipofika ilikuta watu wamebanana vihambani, hakuna pa kuwahamishia. Vijiji vikaandikishwa palepale vilipo. Mchaga alilala kwenye kihamba cha babu yake, akaamka mwanakijiji wa Ujamaa bila kung'oa mgomba mmoja. Msukuma aliambiwa abomoe. Ukilinganisha familia mbili leo bila kuliweka hilo mezani, unalinganisha mtu aliyekimbia mbio nzima na mtu aliyeamriwa katikati arudi mwanzo.

Wengine watauliza: na madini je? Mwadui kuna almasi tangu 1940, Geita kuna dhahabu, Kahama kuna dhahabu. Jibu ni fupi. Kahawa ni ya mkulima. Madini, kwa sheria, ni ya Jamhuri. Utajiri ulio chini ya mbuga haukuwahi kuwa wa Wasukuma kwa namna ambayo kahawa ilikuwa ya Wachaga, ingawa wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa Kahama wameambulia chochote.

Wala mlima wenyewe si ule unaosimuliwa. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, iliingia kwenye mikahawa tangu miaka ya 1960, na mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ulipovunjika, wengi waliacha kupogoa, wengine wakang'oa. Vihamba vimegawanywa hadi havigawanyiki tena. Kwa desturi mtoto wa kwanza na wa mwisho wa kiume ndio wenye nafasi, wa katikati anajitafutia, na binti hatajwi. Nimepita Kibosho mwezi wa sita: nyumba ya vigae, geti la chuma, kufuli, majani yameota hadi dirishani. Nyuma yake kuna nyumba ya zamani ya mbao, na bibi wa miaka themanini na kitu anakata majani ya ng'ombe peke yake. Nyumba kubwa itafunguliwa Desemba, kwa siku kumi. Kwenye takwimu kaya hiyo inasomeka vizuri sana. Na ukishuka tambarare, au ukaenda upande wa Rombo ambako maji ni ya kugombania, utawakuta Wachaga ambao maisha yao hayafanani kabisa na hadithi ya Wachaga.

Kwa hiyo rafiki yangu wa bucha nilimpinga nusu. Ni kweli mzee wa Maswa anaweza kufa na ng'ombe mia moja huku mjukuu wake hajui kusoma, na hilo ni umaskini hata kama zizi limejaa. Lakini neno "maskini" linaficha kwamba mali yake haijawahi kuhudumiwa kama mali. Kwa kawaida benki haipokei dume kama dhamana. Majosho yalijengwa, mengi yakafa. Bima ya mifugo kwake ni habari ya redioni. Mtu ambaye akiba yake haina kinga wala mkopo atafanya lile alilofanya babu yake: ataongeza idadi, ili ukame ukichukua nusu, ibaki nusu.

Leo makabila yote mawili yanahama, na kwa sababu ileile: kwao pamejaa. Mchaga anahama na elimu na mtaji. Msukuma anahama na kundi, ameshafika Usangu, Rukwa, Kilombero, hadi Lindi, ambako wengi walisukumwa walipoondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006. Mmoja akishuka Ifakara anatafuta fremu ya kupanga, na jioni mwenye nyumba anamletea ankara ya umeme. Mwingine akifika palepale na ng'ombe mia mbili anakutana na mgambo barabarani, anaulizwa kibali, anahesabiwa vichwa, na anaanza kulipa faini kabla hajaambiwa atakaa wapi.