Anayeanza Kompyuta Aanze na Madirisha

Walimu wengi wa kompyuta humkalisha mwanafunzi mbele ya mashine na kumwanzishia habari za kichakataji, kumbukumbu na diski. Wengine huruka moja kwa moja hadi Word, programu ya kuandikia: andika jina lako, likoleze, lipigie mstari. Mimi nasema vyote hivyo vingoje. Somo la kwanza liwe kushusha dirisha, yaani kile kisanduku ambamo programu hufunguka kwenye skrini, na kulirudisha, maana hapo ndipo watu wazima wengi wanapokata tamaa.

Mtazame mgeni wa kompyuta kazini. Ameandika barua nusu ukurasa, herufi moja moja, akitafuta kila kitufe. Kipanya kinamteleza, anabofya kile kistari cha juu kulia, na barua inatoweka. Hakuna onyo wala swali. Anafanya lile analolijua: anafungua Word upya. Inamletea ukurasa mweupe, naye anaamini kazi yake imekwenda na maji. Anaanza kuandika tena. Mwalimu akija anakuta barua tatu zimefunguliwa, zote na mistari ileile ya mwanzo, na mwenyewe jasho linamtoka.

Simlaumu hata kidogo. Vitufe vitatu vimebanana kwenye kona moja: kistari cha kushusha, kimraba cha kupanua, na X ya kufunga. Kwa jicho geni, kistari na X hufanya jambo lilelile, kwani kilichokuwepo hakipo tena. Tofauti inaonekana chini kabisa ya skrini, kwenye mwambaa wa kazi, ule ukanda wenye alama za programu, mahali ambapo hakuna aliyemwambia atazame.

Mwambaa huo ulikuja na Windows 95, toleo la mfumo wa kuendeshea kompyuta, na siku hizo kila dirisha lilikuwa na kitufe chake chenye jina. Windows 7, mwaka 2009, ikaficha majina na kubakiza picha, tena madirisha yote ya programu moja yakarundikwa kwenye picha moja. Mzoefu anafurahia nafasi. Anayeanza anafichiwa kitu mara mbili. Kwa hiyo kabla hajakaa kitini, ingia kwenye mipangilio ya mwambaa uyatenganishe madirisha, majina yaonekane. (Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 haikuwa na chaguo hilo, lilirudishwa 2023, baada ya watu kulalamika sana.)

Zoezi lenyewe ni jepesi. Afungue dirisha moja tu, alishushe, kisha atazame chini: alama ya programu ina kijistari chini yake, maana yake bado iko wazi. Aibofye, dirisha lipande. Arudie mpaka mkono uzoee. Ndipo aongeze madirisha mawili na kufundishwa Alt na Tab, vitufe vya kuhamia dirisha jingine: Alt inashikiliwa, Tab inagongwa, na kidole kisiachie Alt mpaka dirisha analolitaka lichaguliwe. Hapo kwenye kuachia ndipo wengi wanapokosea.

Kwenye Mac kitufe cha kushusha ni cha manjano, na kwa kawaida dirisha hushuka upande wa kulia wa Dock, ukanda wa alama za programu, karibu na pipa la taka. Huko Command na Tab huleta programu mbele bila kulipandisha dirisha lililoshushwa, kwa hiyo mwanzoni alibofye tu kwenye Dock.

La mwisho linawahusu wanaofundisha, hasa vijana wanaowafundisha wazazi wao. Mzee akisema "imepotea", kijana anakinyakua kipanya, anabofya, anasema "hii hapa", anaondoka. Mzee hajaona chochote. Mikono ikae mbali na kipanya. Muulize, "Mama, pale chini unaona nini?" kisha unyamaze, hata ikichukua dakika nzima. Akilipata dirisha mwenyewe, mfundishe Ctrl na S, vitufe vya kuhifadhi kazi, papo hapo, kabla ya fonti na rangi.