Anza na Soksi, Skafu Iache

Kila anayetaka kujifunza kufuma huambiwa aanze na skafu. Imenyooka, haina kona, mikono itazoea. Kwa mtu wa Mombasa naupinga ushauri huo. Nani atavaa skafu ya sufi, yaani manyoya ya kondoo, Majengo? Utafuma mstari ule ule usiku baada ya usiku, hakuna anayeingojea, mwishowe utaitia kabatini na sindano zake. Anza na soksi.

Swali linalofuata nalijua, maana huulizwa na kila anionaye barazani na sindano tano mkononi: soksi za sufi, na joto hili? Jibu langu ni bibi yangu. Pepo za kusi zikishika, Juni na Julai, miguu yake hupoa hadi akakosa usingizi, na sisi wengine tumewasha feni. Soksi za dukani zina mpira unaombana na kumwachia alama juu ya kifundo. Soksi ya mkono haina mpira. Shingo yake hufumwa vitanzi viwili mbele, viwili kinyume, mzunguko mzima, na hapo hujivuta na kujirudi yenyewe. Sufi nayo hunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla haijaonekana imelowa, kwa hivyo mguu wa mzee haukai majimaji.

Uzi ndio ulionisumbua kwanza. Duka moja mjini liliniuzia mabunda mawili nikiambiwa ni sufi tupu. Nilifuma robo ya soksi kabla ya kuambiwa nikate kipande nikichome. Kikayeyuka kikawa tone gumu jeusi. Hiyo ni akriliki, jamaa wa plastiki. Sufi ya kweli ukiichoma hutoa harufu ya nywele zilizoungua, moto huzimika wenyewe, na jivu lake hufikichika vidoleni. Niliumia, kwa sababu zile zilikuwa pesa za wiki nzima. Tangu siku hiyo sinunui uzi bila kuomba kipande cha kuchoma, na nawasihi nanyi mfanye hivyo, muuzaji akinuna na anune.

Uzi nilionao sasa nimeutoa Kongowea, kwenye mitumba. Nilitafuta sweta nyembamba yenye lebo ya sufi asilimia 75 na nailoni 25. Mchanganyiko huo unafaa soksi hasa, maana sufi tupu hutoboka kisigino mapema. Kabla hujalipa, geuza sweta ndani nje uangalie mbavu zake. Iliyopigwa ovaloki iache, uzi wake umeshakatwa na utatoka vipande vipande. Iliyoungwa kwa mshono wa mnyororo hufumuka vizuri. Ukishafumua, zungushia uzi mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uuloweke kwa maji baridi, kisha uanike na chupa ya maji ikining'inia chini ili mawimbi yanyooke. Maji ya moto usithubutu. Sufi ikipata moto na kusuguliwa hushikamana ikasinyaa, na hairudi tena.

Anayenifundisha ni mama jirani yetu, mzaliwa wa Nyahururu, aliyefumia watoto wake wote kabla hajahamia Pwani. Soksi yangu ya kwanza ilikataa kupita kisigino cha bibi kwa sababu nilikuwa nimekaza mno vitanzi vya kuanzia. Mama akaishika, akaivuta kidogo, akanirudishia. "Fumua, mwanangu. Uzi si kamba ya ngalawa." Nikafumua yote.

Alichonifunza kwenye kisigino ndicho kinachonifanya niandike haya. Soksi ya mtu mzima kwa uzi mwembamba na sindano za milimita 2.5 huanza na vitanzi 64, kumi na sita kila sindano, na ya tano ndiyo ifanyayo kazi. Unazunguka hadi kifundoni, halafu unaacha nusu ipumzike na kufuma 32 peke yake, kwenda na kurudi, mistari 32. Unapata kibao kidogo kinachoning'inia. Kisha unafuma vitanzi 18, unaunganisha viwili kuwa kimoja, unafuma kimoja, unageuka. Bado kuna vitanzi hujavifikia, na kila kitu mwilini kinakuambia umekosea. Hujakosea. Kila ukigeuka unapita mbele kidogo, unameza kitanzi kimoja cha pembeni, hadi 18 tu ndivyo vinabaki, na kile kibao kimejikunja kikawa kikombe. Nilikiweka kiganjani nikakaa nacho. Hakuna mkasi uliopita hapo wala mshono. Skafu ya mita mbili haiwezi kukufunza hilo.

Wengine huniambia huu si ufundi wetu. Sikubaliani nao. Kwenye jumba la makumbusho la V&A, London, ipo jozi ya soksi nyekundu za sufi zilizofukuliwa Misri, za kati ya mwaka 250 na 420 hivi, zilizotengenezwa kwa sindano moja kabla ufumaji huu wa sindano mbili na zaidi haujajulikana. Zimegawanywa kidole gumba mbali na vingine, zivaliwe na viatu vya kanda. Mtu wa kandambili anazielewa mara moja. Na hapa hapa Mji wa Kale wako watu wanaoshona kofia za mkono, tundu kwa tundu, wiki baada ya wiki kwa kofia moja. Mikono yenye subira hiyo itashindwaje na vitanzi 64?

Mimi hufuma baada ya Isha, upepo wa bahari ukiingia, kwa sababu mchana jasho hufanya uzi ung'ang'anie sindano. Soksi ya kwanza bibi ameshaivaa. Alinyoosha mguu, akaupapasa kisigino kwa kidole, kisha akauliza ya pili iko wapi. Iko kwenye sindano, nimefika kifundoni, na ametaka shingo yake ipungue inchi moja.