Presha kwanza, hata kwa mwembamba

Asalaam alaykum. Makala yenu kuhusu maradhi ya moyo imelielemea mno suala la unene na lehemu (kolesteroli), kana kwamba moyo wa mtu wa Wete, huku Pemba, unaumia kwa sababu zile zile, na kwa uzito ule ule, kama wa mtu wa Ulaya. Utafiti wa INTERHEART, uliochapishwa mwaka 2004 na kuhusisha nchi 52, ulionyesha kwamba mambo tisa, yakiwemo sigara, kisukari, kitambi na msongo wa mawazo, yanaeleza zaidi ya asilimia 90 ya hatari ya mshituko wa moyo wa mara ya kwanza duniani kote. Lakini kwa Waafrika weusi shinikizo la damu lilijitokeza kwa nguvu zaidi kuliko kwingine.

Marehemu mama yangu mkubwa alikuwa mwembamba, na akilima mpunga kwa mkono wake. Kila siku alikula ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na juu ya mchuzi uliokwisha kutiwa chumvi akinyunyiza nyingine. Hakuna aliyempima presha mpaka alipoanguka. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na ng'onda imo katika hesabu hiyo.