Ukitaka kuijua “get”, tazama kinachoifuata

Muulize mwanafunzi yeyote wa skuli, Unguja au Pemba, “get” maana yake nini. Atakujibu “kupata” kabla hujamaliza swali. Hajakosea, lakini jibu hilo hilo ndilo litakalomkwamisha siku atakaposimama na mgeni njiani akaulizwa: “It's getting dark, how do we get to Nungwi?” Hapo “kupata” haimfikishi popote. “Get” ya kwanza ni kiza kinaingia, ya pili ni kufika. Mgeni huyo huyo akiomba maji atasema “can you get us some water?”, na hiyo ni kuletewa.

Ninavyoona, tatizo letu si uchache wa msamiati. Tatizo ni kulikariri neno peke yake, na upande wa pili wa mstari tukaliwekea neno moja la Kiswahili. “Get” haisomeki hivyo. Soma neno lililo kuliani kwake: je, ni kitu, ni hali, ni pahala, ni mtu, au ni kijineno kama “on” na “over”? Ukishajua jirani, maana unayo.

Na tusijifanye jambo hili geni kwetu. Sisi tuna “piga”. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mbizi, tunapiga miayo, tunapiga kura, tunapiga hodi. Hakuna mama aliyemkalisha mwanawe akamhesabia maana za “piga”. Mtoto huokota “piga pasi” nzima nzima na kuitumia. Mgeni aliyekariri kwamba “piga” ni kuchapa ndiye anayebaki kujiuliza simu imetukosea nini.

Anza na hali, maana hapo ndipo penye faida kubwa zaidi. “Get” ikifuatwa na neno kama tired, angry, wet, cold, old au dark, inasema hali hiyo inaingia. Kiswahili hakina haja ya neno la ziada kwa kazi hiyo, kwa sababu kitenzi chenyewe kimeshabeba mabadiliko: kuchoka, kukasirika, kurowa, kupoa, kuzeeka. Ndiyo maana tukitafsiri kichwani hatuoni pa kuitia “get”, tunaiacha, na sentensi inatoka “I tired”.

Lakini hapo hapo tuna msaada ambao walimu wengi hawautumii, nao ni viambishi vyetu vya wakati. “Chai imepoa” ni “the tea is cold”. “Chai inapoa” ni “the tea is getting cold”. “Chai ilipoa” ni “the tea got cold”. Yaani -me- inakupeleka kwenye “is”, kwa sababu hali imeshatua. -Na- inakupeleka kwenye “is getting”, kwa sababu bado iko njiani. -Li- inakupeleka kwenye “got”. Jaribu kwa kurowa: tumerowa, “we're wet”, tunarowa, “we're getting wet”, tulirowa, “we got wet”. Jaribu kwa kuchoka, kuzeeka, kulewa, inakwenda vile vile. Haishiki kila pahala: katika kusimulia kisa, “akakasirika” na hata “amekasirika” zinaweza zote kuwa “he got angry”. Hata hivyo inashika mara nyingi kiasi cha kumtoa mwanafunzi katika kubahatisha. Kosa la kawaida ni kusema “I'm tired” ukiwa unataka kusema unaanza kuchoka. Mgeni uliyemtembeza Jozani akisikia “I'm tired” ataelewa kwamba matembezi yamekwisha.

Ndoa nayo imo humu. Kiswahili kinatenganisha kuoa na kuolewa; Kiingereza hakijali, wote wawili “got married”. Mtego uko kwenye “na”. “Aliolewa na mtu wa Wete” wengi hulitia “with”, na si sahihi. Sema “she got married to a man from Wete”, au ukitumia “marry” peke yake usitie kitu katikati: “she married a man from Wete”.

Wanaotembeza wageni Mji Mkongwe wachunge “lost”. “You'll get lost” ni onyo la kawaida, kwamba mtapotea. Ukiikata mbele ikabaki “Get lost!” umeshamfukuza mtu, tena kwa lugha ya ugomvi. Papasi, yaani kijana anayewaandama watalii ili awatembeze, anayemwambia mtalii “no guide, get lost” huku anatabasamu hajui kwa nini mtalii kanuna.

Tukija kwenye pahala, “get” ni kufika na hufuatwa na “to”: get to Chake Chake, get to the airport. Maneno matatu hayataki “to”: home, here, there. “Get to home” ni kosa linalosikika sana, na ndugu yake ni “reach to”.

Kwenye vyombo vya usafiri neno dogo la mwisho hutegemea chombo. Chombo cha abiria wengi, ambacho kwa kawaida unaweza kusimama na kutembea ndani yake, ni “get on” na “get off”: feri ya Dar es Salaam, ndege, basi. Daladala imo humo hata kama unaingia umeinama. Kile unachokaa kwa kutanua miguu nacho ni “on” na “off”: baiskeli, pikipiki, punda. Chombo kidogo unachojipenyeza na kukaa ni “get in” na “get out”: teksi, ngarawa, boti dogo la kwenda kutazama pomboo Kizimkazi. Konda wa daladala ya 116 anayetaka kumshusha mgeni aseme “you get off here”. “Get down” anayoisema sasa imetoka moja kwa moja kwenye “shuka”, lakini kwa Mzungu “get down!” ya sauti kubwa ni amri ya kuinama au kulala chini, kama kwamba kuna risasi zinapita.

Kwenye vitu, kweli “get” ni kupata, lakini pia kupokea, kununua, na kwenda kuleta. Hii ya mwisho ndiyo inayowapiga chenga wahudumu wa mikahawa. Mgeni akisema “Can I get the bill?” haulizi kama inawezekana. Anaomba bili. Jibu la “Yes, you can get” analielewa, lakini linasikika kama ruhusa, na yeye anabaki kukutazama. Sema “Sure, I'll get it for you”, kisha uende ukailete. Na nyumbani, hodi ikipigwa au simu ikilia, anayesema “I'll get it” anasema nakwenda mimi.

Sasa “got”, ambayo ina mambo yake. Kwa Muingereza, “I've got” haina habari ya kupata. Ni “nina” tu. “We've got two rooms” ni tuna vyumba viwili. “We got two rooms” ni tulipata vyumba viwili. Tofauti yote imo katika ile 've, na sisi ndiyo tunayoimeza tukizungumza. Mmarekani anaongeza “gotten”: kwake “he's got a ticket” ni ana tiketi, na “he's gotten a ticket” ni amepata tiketi. Wengine hudhani “gotten” ni Kiingereza kibovu cha Wamarekani. Si hivyo. “Get” yenyewe iliingia Kiingereza kutoka lugha ya watu wa kaskazini ya Ulaya, Wanorse, kwao ikiitwa geta. Waingereza walikuwa nayo “gotten” wakaiacha, waliovuka bahari wakabaki nayo. Katika mtihani wetu andika “got”.

Ongeza “to” na kitenzi mbele yake, mambo yanabadilika tena. “I've got to see the dolphins” ni lazima niwaone pomboo. “I got to see the dolphins” ni nilijaaliwa kuwaona. Kwa sikio lisilozoea sentensi hizi ni moja, na meneja anayesoma maoni ya mgeni akizichanganya hatajua kama mgeni anadai au anashukuru. “We didn't get to see them” ni malalamiko ya upole: hatukubahatika. Kijana wa mapokezi akilisikia hilo asicheke na kuitikia “yes, yes”.

Kuna muundo mwengine ambao naona ndio unaotutia aibu zaidi, kwa sababu hapa Kiswahili chetu kinatudanganya kabisa. Tunasema “nimeshona kanzu” na hatujashika hata sindano. Fundi ndiye aliyeshona. Tunasema “nimenyoa” na wembe ulikuwa mkononi mwa kinyozi. Ukisema “I sewed a kanzu”, msikilizaji atakuuliza bei ya kumshonea na yeye. Kiingereza kinataka “get”, kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo la tatu: “I got a kanzu made”, “I got my hair cut”, “we got the engine fixed”. Mpangilio huo usiuvuruge. “I got made a kanzu” haikubaliki kwa maana hiyo.

Ukitaka kumtaja aliyefanya kazi, weka mtu badala ya kitu na utie “to”: “I got the mechanic to come”. Hii ina ladha ya kumbembeleza mtu mpaka akakubali. “I made him come” ni kumlazimisha, na angalia kwamba yenyewe haina “to”.

Karibu na hapo kuna “nimeibiwa”. Kiswahili kinamruhusu mtu awe mtendwa na simu ikafuata: nimeibiwa simu. “I was stolen my phone” imeandikwa katika ripoti nyingi tu. Lakini katika Kiingereza kinachoibwa ni simu, si wewe. Ziko njia tatu salama: “my phone got stolen”, “I got my phone stolen”, na kama unataka kuanza na mtu bila kutaja kitu, “I got robbed”. Ukisema “I got stolen” umesema wewe ndiye uliyebebwa.

“Umenipata?” nayo tumeigeuza ikawa “are you getting me?”. Baina yetu inaeleweka. Kwa mgeni ina ukali kidogo, kama mwalimu anayemhoji mtoto mzito. “Does that make sense?” ni laini zaidi, au “did you get that?” ukitaka kubaki na neno lenyewe.

Vijineno vya nyuma, vile vya “get up” na “get over”, ndivyo vinavyopewa kurasa nyingi kwenye vitabu, na mimi ningeviacha mwisho. Orodha ya 40 haikai kichwani. Vichache vinatosha kwa maisha ya hapa: get up, kuamka, get back, kurudi, get back to somebody, kumjibu mtu baadaye, get on with somebody, kuelewana naye, get over, kupona homa au kusahau machungu, get by, kusukuma siku, get through, simu kupita, get rid of, kuondosha. Vyengine utaviokota njiani.

Matamshi yanataka tahadhari moja. Mazoea yetu ya kutia irabu mwisho yanaifanya “get” iwe “geti”, na geti ni la nyumba. Funga t ulimi ukiwa juu, usiachie sauti nyuma yake. Mmarekani akisema “get it” t hiyo hulainika ikakaribia r yetu, unasikia kama “gerit”; usilitafute neno hilo kwenye kamusi.

Upande wa maandishi rasmi, “get” ipunguzwe. Katika barua ya kuomba kazi andika “I obtained a diploma”, “I received your letter”. Hilo skuli zetu zinalisomesha vizuri, pengine vizuri kupita kiasi, kwa sababu sekondari tunakutana na Kiingereza zaidi kwenye kitabu kuliko mdomoni. Matokeo yake ni kijana anayemwambia mgeni “you will obtain your breakfast at seven” na “please alight here”. Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini hakuna anayezungumza hivyo mezani.

Kwa mazoezi, kitabu kipya hakihitajiki. Fungua maoni ambayo wageni wameandika kwenye intaneti kuhusu hoteli yoyote ya Paje au Kendwa. Kurasa mbili zinatosha kwa wiki. Pigia mstari kila get, got na getting. Kwenye daftari usiandike neno peke yake. Andika sentensi nzima, duara liwe kwenye neno la kuliani, na chini yake andika vile ungelisema jambo hilo kwa Kiswahili cha nyumbani. Sentensi ikikushinda, tumia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanafunzi, na usianze na maana: tafuta kwanza kielezo cha muundo, kile kinachoonyesha kama baada ya “get” kinakuja kitu, mtu na “to”, au hali. Sentensi yako ikilingana nacho, soma maana iliyo mbele yake, ya juu na ya chini ziache.