Gion: faini ya yeni 10,000 na biashara ya mali kauli

Hekalu la Shinto la Yasaka, mjini Kyoto, Japani, halina kiingilio wala saa ya kufunga. Ukitokea lango la magharibi ukafuata barabara ya Shijo, baada ya dakika chache utakata kushoto uingie Hanamikoji, kitovu cha Gion, mtaa wa geiko, yaani geisha wa Kyoto, wasanii wa kike wa ngoma na muziki, na maiko, wanagenzi wao. Mwaka 2024 wakazi walifunga kwa watalii vichochoro vilivyo mali ya watu binafsi, bango likataja yeni 10,000 kwa atakayekaidi. Tangu hapo swali ni moja: je, Gion inabagua wageni?

Wanaolalamika wana hoja. Mtaa huu ulitokana na vibanda vya chai vya mahujaji wa Yasaka, basi mgeni ndiye aliyeujenga. Utalii wa Kyoto nao umeuzwa miaka mingi kwa sura ya maiko. Tena kiasi hicho kimepangwa na baraza la wakazi, si sheria ya jiji. Hakuna polisi atakayekuandikia. Na kwa kuwa Hanamikoji yenyewe ni barabara ya umma, anayefukuzwa kichochoroni husogea tu akasimama pale.

Lakini hebu tuzitazame hizo yeni 10,000. Kwa mtu aliyekata tiketi ya ndege kutoka Ulaya, si kitu. Kwa maiko, hesabu ni nyingine. Huduma yake hulipiwa kwa muda. Zamani muda huo ulipimwa kwa kijiti cha ubani kinavyoungua. Jioni, mara nyingi kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, hutoka okiya, nyumba inayomlea, akiwa juu ya okobo, viatu vya mbao vya kimo cha kama sentimita 10, mkanda ukining'inia hadi karibu na vifundo vya miguu. Kukimbia hawezi. Watu watano wakimzingira na kamera, anachelewa kwenye karamu ya kwanza, na ya pili nayo inasogea. Akivutwa mkono wa kimono, inayoharibika ni hariri ya okiya, tena si nguo ya kufuliwa kwa maji. Yeni 10,000 haziwezi kufidia hayo, wala sidhani ziliwekwa kwa ajili ya fidia. Ni tarakimu ambayo kila mgeni anaisoma bila mkalimani. Mwaka 2019 wakazi walianza kwa kupiga marufuku picha vichochoroni, kwa kiasi hichohicho. Kufunga kulikuja baadaye.

Kisa cha nyumba za chai, ochaya, kutompokea asiyejulikana nacho hueleweka vibaya. Ochaya huendeshwa kwa mali kauli. Chakula kinachoagizwa nje, vinywaji, teksi, muda wa geiko: vyote hubebwa kwanza na mwenye nyumba, na bili humfikia mteja baadaye. Aliyekutambulisha ndiye mdhamini wako; ukitoweka, anadaiwa yeye. Ndiyo maana hata Mjapani wa Osaka mwenye fedha mkononi hurudishwa mlangoni.

Anayetaka ngoma ana Miyako Odori, onyesho la Aprili lililoanza 1872, kwa tiketi tu, bila mdhamini. Na Yasaka ipo. Nawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, sukutua kwa maji ya kiganja cha kushoto (usiipeleke kata mdomoni), tupa sarafu, piga kengele, inama mara mbili, piga makofi mawili, inama tena mara moja. Kengele lakini ni ya mchana: mwaka 2024 hekalu lilianza kuziinua kamba zake usiku, baada ya watalii kuzichezea. Hapo hapakuwa na mali ya mtu binafsi wala ochaya ya kulaumu.

Nadhani wakazi wamekosea jambo moja, kuutegemea ubao pale panapohitaji mtu wa kusimama. Jioni za Hanamikoji zinataka walinzi wa jiji, saa hizohizo. Mgeni naye akae pembeni, kamera chini. Maiko hupita kwa hatua fupi, na ataonekana vizuri hadi akunje kona.