Printa Ilivyowadai Watu Michango

Laptopu ya ofisi, hata ikifika nyumbani kwangu, haikubali kwamba imetoka kazini. Ukiiambia ichape, inaitafuta printa ya ofisini, ile kubwa ya kwenye korido. Printa hiyo iko kwenye anwani za 192.168.10, na rauta ya sebuleni kwetu inagawa za 192.168.1, kwa hiyo haziwezi kuonana. Lakini laptopu haisemi kwamba haioni. Inapokea kazi, inaiweka kwenye foleni na kunyamaza. Foleni yenyewe inakaa kwenye diski; zima, washa, utaikuta pale pale. Haya nilikuja kuelezwa na kijana wa TEHAMA huku amebana kicheko.

Jumapili hiyo kamati ya harusi ya mdogo wangu ilikaa kwetu, na katibu ni mimi. Mwenyekiti ni shangazi, ambaye orodha ya kwenye simu kwake si orodha. Alitaka karatasi, kila mjumbe na nakala yake: jina, ahadi, alichotoa, na safu ya mwisho, "Maoni". Hiyo ya Maoni aliisema yeye, mimi nikaandika, na alinikataza kulainisha hata herufi.

Nikabonyeza kuchapa. Kimya. Kiprinta chetu cha wino kimewasha taa yake ya kijani, kinatutazama tu. Nikabonyeza tena. Shangazi akasema nibonyeze kwa nguvu. Mjomba akashauri niongeze idadi ya nakala, eti huenda mashine inadharau kazi ndogo. Nikaongeza. Mwishowe tukamtuma mtoto steshenari na flashi, kikao kikaendelea.

Usiku nikakumbuka ripoti ya kesho. Nikaunganisha VPN ili nifikie faili za ofisini. Kwa asiyeijua VPN: ukishaingia, laptopu iliyo kitandani Mbagala inajiona iko ofisini Posta. Mara pembeni ya skrini kikatokea kijumbe: imechapwa. Kikafuata kingine. Na kingine. Nikakimbilia sebuleni kwa furaha, hakuna hata karatasi moja. Nikainama mpaka uvunguni mwa kabati. Wapi! Nikaenda kulala.

Sasa, mama wa usafi pale kazini hufika kabla ya watu wote, na ni mtu wa utaratibu. Alikuta trei imefurika, nyingine zimemwagika sakafuni, kila nakala imepigwa pini pembeni kama taarifa ya mkaguzi. Akatupa macho ukurasa wa kwanza, akaona jina la bosi, akampelekea mezani. Zilizobaki akazigawa meza kwa meza.

Naingia, ofisi nzima inasoma. Kwa mhasibu, Maoni: "Anazo. Mgumu tu." Kwa kijana wa TEHAMA: "Akipigiwa anasema mtandao unasumbua." Sijakaa, bosi akaniita. Miwani iko puani, kidole kiko safu ya mwisho.

"Hebu nisomee hapa."

Nikasoma. Ahadi 300,000. Ametoa 0. Maoni: "Ndiye wa kwanza kuulizia kadi ya double."

"Nani kaandika?"

"Shangazi, mzee."

"Mwambie niliuliza tu, sikudai."

Akachomoa kalamu. Nikajua barua ya onyo hiyo inakuja. Kumbe anapanda mistari miwili juu, kwa mhasibu, anaongeza kwa mkono wake: "Alhamisi kalipwa posho ya safari. Abanwe." Kisha akashika simu, akanitumia laki mbili, akasema laki iliyobaki ataitoa nikishafuta hayo maoni.

Hadi saa nne simu yangu ilikuwa inalia miamala mfululizo. Mhasibu alimaliza ahadi yake yote bila kunisalimia. Kijana wa TEHAMA alilipa nusu, kisha akaomba safu yake isomeke "mtandao umetengemaa".

Nikampigia shangazi kumsimulia, nikitegemea ataona aibu. Akanyamaza kidogo, akipiga hesabu.

"Sasa mwanangu," akasema, "hiyo mashine yenu, Dodoma kwa baba yako mkubwa inafika?"